UZI: Mfanyakazi wa shamba kapata H-2A, mke na watoto wamenyimwa H-4. Tatizo huwa liko wapi?

#1 Chipukizi wa Faili
Wakuu, habari. Kuna jambo linajirudia kwenye mafaili ya wanaokwenda kufanya kazi za mashambani Marekani kwa viza ya H-2A. Mfanyakazi anafika dirishani, anaulizwa maswali matatu au manne, anapita. Mkewe na watoto, siku ileile, vyeti vyote mkononi, H-4, yaani viza ya familia ya mwenye H, inagoma. Sheria inasema wazi kwamba mke au mume, na watoto wa chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, wanaruhusiwa kuandamana naye au kumfuata baadaye. Sasa ruhusa hiyo ni ya kwenye karatasi tu, au kuna kitu waombaji hawakifanyi? Wajuvi karibuni.

#2 Dirisha la Tatu
Kifungu 214(b). Uzi ufungwe.

#3 Mama Stempu
#2 usifunge uzi hata chai haijachemka. 214(b) ni jina la kukataliwa, siyo sababu. Kifungu kinamtaka ofisa amhesabu kila mwombaji kuwa anataka kuhamia moja kwa moja mpaka mwombaji mwenyewe athibitishe vinginevyo. H-1B (wataalamu) na L (wanaohamishwa ndani ya kampuni) wamesamehewa, H-2A hajasamehewa. Mfanyakazi akiomba peke yake, ushahidi mkubwa kwamba atarudi ni familia aliyoiacha. Siku anapoipeleka dirishani nayo iombe viza, ushahidi huo umeung'oa kwa mikono yako. Kilichokuwa nanga kimegeuka mzigo wa safari.

Kwa hiyo swali la kumuuliza mwombaji ni hili: ukiondoa mke na watoto, nini kingine kinakurudisha? Nyumba yenye hati? Shamba lako mwenyewe lenye msimu wake? Mtoto aliyebaki shule? Kama jibu halipo, hata cheti cha ndoa chenye mihuri kumi hakisaidii.

#4 Mkulima Daftari
Nakubaliana na Mama Stempu nusu. Nusu ya pili nakataa. Someni ufafanuzi wenyewe wa sheria: sharti la kuwa na makazi nje ya Marekani ambayo mtu hana nia ya kuyaacha limeandikwa kwa mfanyakazi. Kwa mke na watoto maneno hayo hayapo, wameelezwa tu kuwa wanaandamana naye au wanamfuata. Ndiyo, 214(b) inawagusa nao, lakini kama familia nzima zingekuwa zinaanguka kwa nanga peke yake, basi mfanyakazi naye angeanguka siku hiyo hiyo, maana nanga yake imeng'oka pia. Mbona yeye anapita?

Mimi naona tatizo liko kwenye kalenda. Chukueni shamba linalotaka watu Aprili 1. Tangazo la kazi, fomu 790A, linaingia kati ya siku 75 na 60 kabla, yaani Januari 16 hadi 31. Ombi la cheti cha kuajiri wageni, 9142A, lazima liwe limefika Wizara ya Kazi si chini ya siku 45 kabla, Februari 15. Cheti kinatakiwa kitoke si chini ya siku 30 kabla, Machi 2. Hapo bado USCIS, idara ya uhamiaji, ilijibu I-129, yaani ombi la mwajiri, ndipo watu wapangiwe ubalozini. Mwezi mmoja kwa yote hayo. Mwajiri au wakala wake anawaombea wafanyakazi nafasi za usaili kwa kundi. Familia haimo kwenye orodha ya kundi, haina mtu wa kuisimamia, na inaingia usaili ikiwa imejijazia fomu yenyewe usiku wa kuamkia.

#5 Bwana Viambatisho
Mkulima Daftari kagusa pabaya. Fomu DS-160 ya mke, ile ya mtandaoni ya kuomba viza, ndiyo kaburi. Ukimaliza kujaza ya mume, mfumo unakupa njia ya kuanzisha fomu ya mwanafamilia huku baadhi ya majibu yakijijaza. Watu wanafurahi, wanabonyeza mbele, mbele, mbele. Angalieni sehemu ya dhumuni la safari. Mke anatakiwa achague mke wa mwenye H, mtoto achague mtoto wa mwenye H, zote ni H4. Ukikuta mke ameandikwa mfanyakazi wa kilimo H2A, ofisa anaona mwombaji asiye na nafasi kwenye ombi la mwajiri yeyote. Halafu kuna sehemu ya namba ya ombi: inawekwa namba ileile ya risiti iliyo kwenye I-797, barua ya USCIS kuhusu ombi la mume. Wengine wanaacha wazi kwa sababu "mimi sina mwajiri".

Na kila mtu ana DS-160 yake, hata mtoto wa miezi mitatu. Picha ya sentimita 5 kwa 5, mandhari meupe, isizidi miezi sita, bila miwani.

#6 Dirisha la Tatu
Mtoto wa miezi mitatu na miwani wapi na wapi.

#7 Bwana Viambatisho
Wewe umeleta sentensi mbili tangu uzi uanze na zote hazina faida. Endelea kukaa hapo mbele, usikilize.

#8 Shamba Kubwa
Kuna kitu hamjakigusa: ombi lenye majina na ombi lisilo na majina. Mwajiri akitaka watu 80 anaweza kupeleka I-129 moja isiyo na majina, analipa dola 460 yamekwisha. Mfanyakazi anajulikana jina lake kwa mara ya kwanza ubalozini. Sasa mke akienda na namba ya ombi ambalo mumewe hayumo kwa jina, anathibitishaje kwamba mume ni miongoni mwa hao 80? Akienda kabla ya mume hajapitishwa, hana cha kushika. Ndiyo maana faili lake linawekwa pembeni kwa 221(g), kisha watu wanakwenda kutangaza kwamba "amekataliwa".

#9 Mama Stempu
Hoja nzuri, bei ya zamani. Tangu Aprili 1, 2024 ombi la H-2A lenye majina ni dola 1,090, lisilo na majina ni 530. Hiyo 460 imebaki kwa mwajiri mdogo na mashirika yasiyo ya faida, kwa ombi lisilo na majina. Lenye majina wao wanalipa 545. Juu yake kuna ada ya mpango wa hifadhi ya wakimbizi: 600 kwa wa kawaida, 300 kwa mwenye wafanyakazi wa kudumu 25 au pungufu, na mashirika yasiyo ya faida hayalipi. Na ombi lenye majina sasa haliruhusiwi kuzidi watu 25.

#10 Shamba Kubwa
Asante kwa sahihisho, na linazidi kunibeba. Piga hesabu ya watu 80. Wenye majina ni maombi manne, kila moja 1,690, jumla 6,760. Bila majina ni ombi moja, 1,130. Mwajiri gani atachagua la kwanza? Matokeo yake familia nyingi zinaning'inia kwenye ombi ambalo jina la baba halimo.

Dawa ipo: mke na watoto waombe siku moja na mume, meza moja, au wasubiri viza ya mume igongwe kwenye pasipoti, watoe nakala ya ukurasa huo, wakaambatishe. Kama ameshaanza kazi, ongeza I-94 yake (rekodi ya kuingia Marekani) na stakabadhi za mshahara za karibuni. Hapo hakuna wa kuuliza yeye ni nani kati ya 80.

#11 Chipukizi wa Faili
Nafuatilia kwa karibu. Hiyo 221(g) na 214(b) mwombaji anazitofautishaje akishapewa karatasi?

#12 Mama Stempu
Karatasi yenyewe inataja kifungu. 221(g) maana yake kuna kitu kinakosekana au kinachunguzwa. Una mwaka mmoja wa kukileta bila kulipa upya. 214(b) haina rufaa. Unaomba upya, unalipa upya dola 205 kwa kichwa. Mke na watoto watatu ni 820, na haya hayarudi. Ndiyo maana kukimbilia kuomba tena wiki inayofuata na karatasi zilezile ni kumwaga fedha.

#13 Fundi Vitanda
Nimesoma mpaka hapa, hakuna aliyetaja nyumba. Mwajiri wa H-2A analazimika kuwapa wafanyakazi makazi bure, na makazi hayo yanakaguliwa kabla cheti hakijatoka. Ukaguzi unahesabu vitanda. Kambi zilizojengwa kuanzia Aprili 3, 1980 zinafuata vipimo vya usalama kazini: futi za mraba 50 kwa kila anayelala chumbani, kama wanapika, wanakaa na kulala chumba kimoja, ni 100. Kati ya kitanda na kitanda inchi 36. Bafu moja kwa watu 10. Mwenyekiti wa kijiji angesema "watabanana tu", lakini kambi iliyopita kwa watu 24 ni ya watu 24. Mke na watoto wawili wakihamia, ni 27, na mkaguzi akija kosa ni la mwajiri.

Sasa ofisa anamuuliza mke: "Mtakaa wapi?" Mke anajibu: "Kwa mume wangu, shambani." Ofisa ana tangazo la kazi linaloonyesha bweni la wanaume. Jibu hilo peke yake limemaliza kazi.

#14 Mkulima Daftari
Fundi, sheria si inasema mwajiri atoe nyumba za familia?

#15 Fundi Vitanda
Inasema pale tu ambapo ni desturi ya eneo hilo na kazi hiyo kutoa makazi ya familia. Isipokuwa desturi, halazimiki. Vipimo vyenyewe vinaijua familia, msidhani haikufikiriwa: jiko moja kwa watu 10, au jiko moja kwa familia mbili. Ila kutajwa kwenye vipimo vya jiko si kupewa chumba.

Anayetaka familia ije atafute mambo mawili: barua ya mwajiri inayosema nyumba fulani ina nafasi ya familia na ukaguzi wake umezingatia idadi hiyo, au mkataba wa pango nje ya kambi. La pili linagharimu, maana ukikataa kitanda cha bure, kodi unabeba mwenyewe.

#16 Bi Hesabu
Hapo ndipo ninapoingilia. Mnatafuta nanga na vitanda, nami natafuta fedha. Kima cha mshahara wa H-2A cha Arkansas, Louisiana na Mississippi kwa 2025 kilikuwa dola 14.83 kwa saa. Wiki ya saa 40 ni 593.20. Wiki ya 35 ni 519.05. Na msihesabu kana kwamba kila wiki imejaa: mkataba unamhakikishia robo tatu ya saa zilizotajwa kwa kipindi chote, siyo kila wiki. Mvua ikinyesha siku nne, wiki hiyo ni nyembamba, halafu fidia inatazamwa mwishoni. Toa kodi ya nyumba, chakula cha watu wanne, bima ya afya ambayo familia haipewi na mwajiri. Mke wa H-4 haruhusiwi kufanya kazi. Kile kibali cha kazi mnachosikia ni cha baadhi ya wenza wa H-1B, hawa wa H-2A hawamo.

Ofisa ana haki ya kuuliza kama familia itakuwa mzigo kwa umma. Asipoona fedha za kutosha, anahisi mke ataingia shambani kwa mlango wa nyuma. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa, na 214(b) ni muhuri tu unaogongwa juu yake.

#17 Kalamu Nyeusi
Bi Hesabu, hiyo 14.83 ni ya mfumo wa zamani. Oktoba 2025 Wizara ya Kazi ilibadilisha namna ya kukokotoa, ikaweka ngazi mbili za ujuzi na makato ya thamani ya makazi kwa wenye H-2A. Watu wachukue kiwango kilichoandikwa kwenye tangazo la kazi la mwajiri wao, wasichukue cha jukwaani.

#18 Bi Hesabu
Sahihi. Nimesema "kilikuwa", lakini sahihi. Na mabadiliko hayo yanazidi kuivuta hesabu ya familia chini ya mstari mwekundu.

#19 Bwana Viambatisho
Kuhusu mlango wa nyuma. Wapo wanaodhani mke akimsaidia mume kuchuma, ndoo zikaandikwa kwa jina la mume, hiyo si kazi. Ni kazi. Hakulipwa yeye, lakini malipo ya kwa ndoo yamepanda kwa mikono yake. Hali kadhalika mtoto. Wanasema sheria za ajira za mashambani zinaruhusu watoto wadogo kuliko viwandani. Ni kweli, ila sheria ya umri haitoi kibali cha uhamiaji. Mtoto wa H-4 aende shule.

#20 Dirisha la Tatu
Haya nina la faida sasa. Shule ya umma ni haki yake, H-4 anasoma bila kubadilisha viza. Na kuna mpango wa serikali kuu wa elimu kwa watoto wa wafanyakazi wa kilimo wanaohamahama: miaka 3 hadi 21, familia iwe imehama kufuata kazi hiyo ndani ya miezi 36 iliyopita. Wazazi wengi hawaujui kwa sababu hakuna aliyewauliza wamehama lini.

#21 Bwana Viambatisho
Leo jua limechomoza magharibi. Asante.

#22 Mgeni wa Uzi
Samahani, nimechelewa. Je, familia inatakiwa kupima afya na kuleta cheti cha polisi? Kuna wakala anadai fedha za hivyo vitu. Na wanasema nchi yangu haimo kwenye orodha.

#23 Mama Stempu
Cheti cha polisi na vipimo kwa daktari wa ubalozi ni vya viza za uhamiaji wa kudumu. H-2A na H-4 kwa kawaida havidaiwi, labda ofisa mwenyewe aagize kwa faili husika. Orodha ya nchi zilizokubaliwa kwa H-2A imefutwa kwa kanuni iliyoanza Januari 17, 2025. Kabla ya hapo mwajiri wa mtu wa nchi isiyokuwamo alihitaji kujieleza zaidi. Na wakala anayemtoza mfanyakazi fedha ili apate kazi ya H-2A anamponza: ada hiyo imekatazwa, na ikigundulika ombi la mwajiri linaweza kukataliwa au kufutwa. Likifutwa, H-4 zote zilizoning'inia juu yake zimekwenda nalo.

#24 Kalamu Nyeusi
Tusisahau kinachoharibika baada ya kufika. I-94 ndiyo inayotawala muda wa kukaa. Viza ni ya mlangoni tu. Pasipoti ya mtoto ikiisha Julai na mkataba wa baba ni mpaka Novemba, ofisa wa mpakani huikata I-94 ya mtoto kwenye Julai. Baba ana Novemba, mama ana Novemba, mtoto ana Julai, na hakuna anayefungua mtandaoni kuangalia. Wiki ya kwanza chapisheni I-94 za wote, ziwekwe juu ya meza, tarehe zilingane. Kama ni kosa la mpakani, linasahihishwa kwenye ofisi ya mpaka inayoshughulikia marekebisho. Kama ni pasipoti, fanyeni mpya kisha ombeni nyongeza.

Nyongeza nayo haiji yenyewe. Mwajiri anapeleka I-129 kumwongezea mfanyakazi. Familia inapeleka I-539 yake, fomu ya kuomba kuongezewa muda, dola 470 kwa karatasi au 420 mtandaoni. Kwenye fomu ya karatasi, kila anayeambatana anajaza I-539A. Ikipelekwa siku moja baada ya I-94 kuisha, mmechelewa.

#25 Shamba Kubwa
Na ukomo ni miaka mitatu, kisha lazima akae nje miezi mitatu ndipo aanze upya.

#26 Kalamu Nyeusi
Siku 60 mfululizo, siyo miezi mitatu tena. Kanuni ileile aliyoitaja Mama Stempu #23. Hiyo hiyo imeruhusu kuanza kazi kwa mwajiri mpya pale ombi lake linapopokelewa, na ikampa aliyeachishwa hadi siku 60 za kutafuta pa kwenda. Familia inamfuata kwenye hizo siku, haina zake.

#27 Shamba Kubwa
Kila nikitaja namba nakuta imeshabadilishwa. Nitabaki kwenye jembe.

#28 Mkulima Daftari
Kuna njia ambayo haijaguswa: mume na mke wote waombewe H-2A na mwajiri mmoja. H-2A haina idadi ya mwisho kwa mwaka kama H-2B, ya kazi za muda zisizo za kilimo, yenye 66,000. Mke anakuwa mfanyakazi kamili, ana kitanda chake kwenye hesabu ya Fundi, ana mshahara kwenye hesabu ya Bi Hesabu. Watoto ndio wanaobaki H-4.

#29 Fundi Vitanda
Kitanda chake kitakuwa bweni la wanawake, jengo jingine. Na wote wawili wakiondoka saa kumi na moja alfajiri, ofisa atauliza nani anabaki na watoto.

#30 Bi Hesabu
Na wakirudi kwao msimu ukiisha, wote wanne, nanga ya Mama Stempu iko wapi?

#31 Mama Stempu
Iko kwenye hati ya nyumba niliyoitaja #3, mama. Watoto walipiwe ada ya muhula unaofuata kabla ya kuondoka, risiti iwemo kwenye faili.

#32 Chipukizi wa Faili
Asanteni sana wakuu. Naona kila mmoja ana mshitakiwa wake. Nina faili la mke na watoto wawili, baba yumo kwenye ombi lisilo na majina, mkataba Machi hadi Novemba, barua ya mwajiri haina neno lolote kuhusu nyumba. Nianze wapi?

#33 Fundi Vitanda
Barua ya nyumba.

#34 Shamba Kubwa
Subiri viza ya baba igongwe kwanza.

#35 Bwana Viambatisho
Fungua DS-160 ya mama, soma ile sehemu ya dhumuni la safari. Usiamini ilivyojijaza.

#36 Kalamu Nyeusi
Pasipoti za hao watoto zinaisha lini?

#37 Chipukizi wa Faili
Ngoja nikaangalie... Ya mdogo, Septemba.